Mashine Zilizonifikia Zimechoka

Nilipoondoka Issuna kwenda Chuo cha Uhazili Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ikungi ilikuwa bado haijawa wilaya. Unadandia gari hadi Manyoni, unasubiri treni ya Reli ya Kati, unafika Tabora umejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Nilihitimu kupiga chapa na hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika, nikaajiriwa katika chuo kikuu kimoja Dar es Salaam. Sitakitaja jina. Pensheni yangu inakuja vizuri, na ninayoyasimulia yametokea katika ofisi nyingi.

Mezani nilikabidhiwa taipureta ya Olympia, ya chuma tupu. Mhadhiri aliyetaka kuigusa aliomba ruhusa, na wengi hawakuthubutu. Waliandika kwa mkono, tena mwandiko wa kuchanganyikiwa, mimi nikapiga. Mitihani ilipigwa kwenye stensili. Ukikosea herufi unapaka dawa ya kusahihishia, unapuliza ikauke, unarudia juu yake kwa kidole chepesi, maana ukiigonga kwa nguvu karatasi inatoboka na ukurasa mzima unaanza upya. Baada ya hapo unaingia chumba cha kudurufu na mlango unafungwa kwa ufunguo hadi mtihani uishe, wino umekufika kwenye viwiko.

Kompyuta tulizisikia tu. Hatukuzikosa kwa umaskini peke yake: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini bila kibali maalumu, baada ya majaribio ya kuzitumia katika hesabu za Serikali kwenda mrama. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1994. Vijana wa leo nikiwaambia wanadhani nawatania.

Ya kwanza kufika idarani kwetu iliwekwa ofisini kwangu. Hakuna aliyebisha, kwa sababu wakubwa waliiona ni taipureta yenye kioo, na taipureta ilikuwa kazi ya katibu mahsusi. Monita yake ilikuwa ya chogo, imekula nusu ya meza. Niliishonea kava la kitambaa cha maua, na jioni niliifunika kabla ya kuzima taa. Wahadhiri walipanga foleni na tasnifu zao, disketi mfukoni. Kwa miaka michache mimi ndiye niliyekuwa na mashine bora kuliko zote ghorofani, na kusema kweli nilitembea kifua mbele.

Hali iligeuka mwaka 2000 ulipokaribia. Kulikuwa na hofu kwamba kompyuta zingesoma 00 zikadhani ni mwaka 1900, hivyo zikanunuliwa mpya. Kufikia hapo wahadhiri walishajua kwamba mashine ile inaandika vitabu, inapiga hesabu za utafiti, inapeleka barua Ulaya. Mpya zikaenda kwao. Mimi nikapewa iliyotoka kwa mkuu wa idara, na hivyo ndivyo ikawa desturi: kila zikija mpya, iliyochoka inateremka ngazi moja, na ngazi ya mwisho ni meza yangu. Baada yangu ni stoo, maana mali ya umma haitupwi hivi hivi. Hukaguliwa, huombewa kibali, ndipo inadiwe, na wakati huo wote mashine zimerundikwa na namba za mali mgongoni, panya wanazalia ndani.

Mashine ya kurithi huja na mambo ya mwenyewe. Niliwahi kufungua moja nikakuta rasimu ya mtihani wa muhula ule, alama za wanafunzi na picha za harusi ya binti. Nilimwita mwenyewe akaja na flashi, akahamisha vyake, akanishukuru kwa sauti ya chini. Siku hizo hakuna aliyeona ulazima wa kuformati kompyuta kabla ya kuihamisha.

Wakati huohuo kazi yangu iliongezeka. Mkongo wa SEACOM ulianza kutoa huduma Dar es Salaam Julai 2009 na intaneti ikachangamka, kwa hiyo kila barua ikawa barua pepe, na kila barua pepe ya mkuu ilipita kwangu. Matokeo ya wanafunzi yakaanza kuingizwa kwenye mfumo. Tangazo la ajira ya kada yetu lilidai tujue Word, Excel, PowerPoint na hata Publisher, ambayo mpaka nastaafu sikuona barua iliyoihitaji. Mashine yangu ikawa inawaka nikiwa nimeshamaliza chai.

Aprili 2014 Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows XP, kijana wa kitengo cha TEHAMA alipita na orodha ya watakaopata kompyuta mpya.

"Mama, hii yako ndiyo ya kwanza kutakiwa kuondoka," aliniambia.

"Basi niandike."

Akainamisha kichwa. "Orodha imetoka juu, mama. Imepangwa kwa vyeo."

Kwenye orodha hiyo alikuwamo profesa aliyekuwa masomoni nje ya nchi. Boksi la kompyuta yake mpya lilikaa kwenye kabati lake muda mrefu, na ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi. Windows 7 nayo ikaachwa Januari 2020, hadithi ikawa ileile. Nimestaafu bila kufungua boksi la kompyuta mpya hata mara moja.

Sasa nina steshenari hapa Issuna, kando ya barabara ya Manyoni kwenda Singida. Napiga barua za wanakijiji, natoa fotokopi, nasaidia vijana kuomba ajira mtandaoni. Kompyuta yangu ni mtumba wa Kariakoo, na ubavuni ina kibandiko chenye namba ya mali na jina la chuo cha Uingereza. Kwa hiyo mtindo ni uleule, ngazi tu zimeongezeka. Tena haikubali Windows 11, kwa kuwa haina chipu ya usalama ya TPM 2.0, na Windows 10 imeachwa Oktoba 2025. Mashine ni nzima kabisa, ila tarehe imeikuta. Nimeifundisha kukaa mbali na mambo ya benki, inaendelea kupiga barua.

Mpwa wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali iligawa vishikwambi takriban 300,000 kwa walimu, vikiwemo vilivyotumika kuhesabu watu. Alikuja kunionyesha chake.

"Shangazi, hata sisi wa madarasa ya chini tumepata."

"Na mwalimu mkuu?"

"Kama hiki hiki."

Kishikwambi chenyewe si kizuri sana kwa kuandikia kitu kirefu, na yeye bado huniletea mitihani niipige. Lakini mgao ule niliuheshimu. Ulifuata kazi.

Nawe unayekaa kwenye kamati ya kugawa kompyuta mpya chuoni kwenu: kabla hujaandika jina la mkuu wa idara kwenye mstari wa kwanza, nenda ukakae kwenye kiti cha katibu wake, uiwashe mashine yake na usubiri mpaka ifunguke. Kisha ndipo uandike.