Simu ya Shilingi 3,500

Nilipotoka chuo cha ualimu na kupata kazi yangu ya kwanza, katika mwaka wa 2016, nilikuwa na vitu vitatu vya thamani: cheti changu, koti moja jeusi, na simu ndogo ya vibonyezo ambayo kioo chake kilikuwa kimefifia hata nisiweze kusoma ujumbe wakati wa jua kali. Walimu wenzangu walikuwa na simu kubwa za kugusa. Habari za ratiba, mikutano na mitihani zilipita kwa simu hizo, na mimi nikawa mtu wa kuuliza kila asubuhi, "Jamani, kumesemwa nini?" Sisemi haya ili nijitetee, bali msomaji ajue kuwa tamaa haikunijia kwa sura ya kutisha. Ilinijia kwa sura ya haja, na haja ni mgeni ambaye ni vigumu kumfungia mlango.

Jioni moja nilikuwa nimesimama katika kituo kimoja cha magari, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, nikingoja matatu. Kijana mmoja mwendesha bodaboda, ambaye nilimjua kwa uso wala si kwa jina, akanisogelea akaniambia, "Mwalimu, nina simu safi hapa. Wewe nitakupa kwa bei ya urafiki." Akaitoa mfukoni. Dukani simu ya namna ile ilikuwa ikiuzwa kwa shilingi 9,000 hivi. Yeye alitaka 4,000. Tukapatana 3,500.

Nikamwuliza chaja yake iko wapi, akasema imeharibika. Nikamwuliza habari za boksi, akasema alilitupa. Nikataka kuona risiti, akasema iko kwa ndugu yake aliyemnunulia, naye ndugu huyo yuko Mombasa. Kila jibu kwa peke yake lilikuwa jibu linalowezekana, kwani watu hutupa maboksi kila siku, na chaja huharibika. Lakini majibu yale matatu yalipokaa pamoja yalikuwa kama mashahidi watatu waliofundishwa na mtu mmoja. Mwisho nikatoa simu yangu ndogo ili nimlipe kwa M-Pesa. Akakataa. Alisema laini yake ina deni, anataka fedha mkononi.

Hapo moyo wangu ulishtuka. Anayelipwa kwa M-Pesa huacha jina lake, nambari yake na saa ya malipo katika simu ya mlipaji, na mtu anayekataa kuacha vitu hivyo ana sababu. Nililijua jambo hilo vizuri kama ninavyojua jina langu. Hata hivyo nilitia mkono mfukoni nikamhesabia noti zake, naye akawasha pikipiki akaenda zake. Sikutaka kujua. Nimejaribu mara nyingi kutafuta neno jingine lililo laini zaidi, nisilipate.

Siku ya pili nikaifungua simu ile nikakuta picha ndani yake. Palikuwa na watoto waliovaa sare za shule, mwanamke amesimama mbele ya shamba la mahindi, na mwanamume mmoja mwembamba sana ameketi chini ya mti, blanketi magotini. Nilizipitisha upesi kwa kidole, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya watu na mlango uko wazi. Nikaipeleka kwa fundi nikamwambia, "Futa yote." Kazi ile alinitoza shilingi 200. Nyuma ya simu palikuwa na ua dogo lililochorwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Ua lile nililifunika kwa kava.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Za mnunuzi wake zilipita sitini. Ilikuwa siku ya wazazi kuja shuleni kuzungumza na walimu juu ya maendeleo ya watoto wao. Kava langu lilikuwa limepasuka juma lile, na simu ililala juu ya meza yangu kifudifudi. Akaingia mama mmoja pamoja na mwanawe wa kidato cha pili, mvulana hodari katika somo langu la Hisabati. Tulizungumza vizuri juu ya alama zake. Kisha nikaona macho ya mama yameganda mezani.

"Mwalimu, niwie radhi," akasema kwa sauti ya chini. "Simu hii umeipata wapi?"

"Niliinunua, Mama."

"Kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia kuwa simu yake ilinyakuliwa mkononi mwake sokoni, na ua lile lilichorwa na binti yake mdogo. Hakupaza sauti. Alisema kwamba boksi la simu yake bado analo nyumbani, ndani ya sanduku la bati, pamoja na karatasi za shamba na vyeti vya watoto, na kwamba atakuja nalo kesho ili tusikosane kwa dhana.

Hapa yanipasa kueleza jambo ambalo wakati ule nililijua nusunusu. Kila simu ya mkono hupewa kiwandani nambari yake ya utambulisho, iitwayo IMEI, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na nambari mbili za namna hiyo. Ukibonyeza *#06# nambari hutokea kwenye kioo, na nambari hiyo hiyo huchapwa kwenye boksi. Katika simu ambazo betri yake hutoka, mara nyingi huandikwa pia chini ya betri. Kubadili laini hakuibadili. Laini ni kama mpangaji, ambaye leo yumo na kesho amehama, lakini nambari ile ni ya nyumba yenyewe. Tarakimu 8 za kwanza hutaja aina ya simu, 6 zinazofuata huitenga simu moja na wenzake wa aina ile, na ya mwisho ni ya kuhakikishia kuwa zile nyingine hazikuandikwa kwa makosa.

Basi siku ya pili mama akaja, na boksi limefungwa ndani ya leso. Macho yake hayakuweza kusoma maandishi madogo, kwa hiyo akampa mwanawe. Nikabonyeza *#06#. Kijana akaanza kusoma tarakimu mojamoja kwa sauti, nami nikazifuata kwa kidole kwenye kioo. Alisoma polepole, kama ninavyowafundisha kusoma tarakimu zote. Zilipolingana nane za kwanza nilijituliza, maana simu zote za aina ile zingelingana hivyo. Zikalingana tisa, zikalingana kumi. Kufika ya kumi na mbili sauti ya kijana ilianza kupungua, na nilifahamu kuwa naye pia alikuwa akitamani, kwa ajili yangu, moja ikosee. Haikukosea hata moja.

Tulikwenda kituo cha polisi sote watatu, mimi nikiwa nimeibeba simu. Siku ile ya kunyang'anywa mama alikuwa amepiga ripoti, na habari yake ilikuwa imeandikwa katika kitabu cha matukio, pamoja na nambari ya simu. Afande wa zamu alipokwisha kuilinganisha, akanigeukia.

"Aliyekuuzia ni nani?"

"Kijana wa bodaboda, Afande."

"Jina lake?"

"Silijui."

"Nambari yake?"

"Sina."

"Ulimlipaje?"

"Fedha taslimu."

Akaniambia niketi bangoni, nikaketi tangu saa tano hata saa kumi. Katika saa zile nilipata somo ambalo chuoni sikulipata. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinamhusu mtu anayepokea au kuweka mali ya wizi bila uaminifu, akijua ni ya wizi, au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14. Maneno hayo, "akiwa na sababu ya kuamini," niliyarudia moyoni nikiwa nimeketi pale, maana sababu nilizokuwa nazo zilikuwa nne: chaja, boksi, risiti na M-Pesa. Tena mahakama zetu humtazamia mtu aliyekutwa na kitu kilichoibwa karibuni aeleze alivyokipata, na akikosa maelezo ya kuaminika, kitu kile chaweza kumtia hatiani kana kwamba yeye ndiye mwizi. Wala fedha zangu hazikunipa haki yoyote juu ya simu ile. Anayeuza kisicho chake hana cha kumpa mnunuzi ila hasara.

Lililonitoa ni maneno ya mama yule. Alimwambia afande kuwa mimi ni mwalimu wa mwanawe, kwamba sikukataa kuja, na kwamba yeye haja yake ni simu yake tu. Nikaandika maelezo, nikaweka sahihi, nikaonywa, nikaachiliwa. Yule kijana wa bodaboda hakuonekana tena kituoni pale.

Tulipotoka nje, mama akaiwasha simu yake akaitazama kwa muda. "Mwalimu," akaniuliza, "picha za baba yao ziko wapi?"

Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nikamwambia ukweli, kwamba niliagiza zifutwe. Nilitaka kumlipa, akakataa kwa mkono. Nilirudi kwa fundi nikamsihi azitafute, akajaribu siku mbili, akanirudishia bila kitu. Mama hakunilaumu kwa neno lolote. Alisema tu, "Basi, Mwalimu," akashika njia.

Mwanawe aliendelea kuhudhuria masomo yangu, lakini muhula mzima hakuinua mkono. Niliulizapo swali alitazama daftari lake. Sikumlazimisha. Muhula uliofuata nilikuwa nikifundisha mambo ya vigawo, nikaona niseme darasani yaliyonipata, pasipo kumtaja mtu, kisha nikaandika ubaoni nambari ya IMEI ya kubuni. Nikawaonyesha hesabu yake: ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hata ya kumi na nne huzidishwa kwa mbili, jawabu likiwa na tarakimu mbili, hujumlishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha zote 15 hujumlishwa, na jumla lazima igawanyike kwa kumi pasipo baki. Nikawauliza kama nambari ya ubaoni ni sahihi. Kijana yule akainua mkono. "Si sahihi, Mwalimu. Jumla ni 63." Kisha akaongeza jambo ambalo sikuliuliza: kwamba hata kama ingekuwa sahihi, hesabu ile isingeonyesha kama simu ni ya halali. Alisema kweli. Simu ya mama yake ilikuwa na nambari safi kabisa.

Simu yangu ya pili niliinunua baada ya kuweka akiba miezi mitano. Nayo ilikuwa imetumika, kwani sioni aibu katika kununua kitu kilichotumika, na nchi yetu imevaa na kusafiri kwa vitu vya namna hiyo tangu zamani. Lakini niliinunua katika duka lenye mlango na leseni ukutani, mchana, na mwenyewe muuzaji yupo. Nililinganisha nambari ya kwenye kioo, ya kwenye boksi na ya chini ya betri. Nikataka akaunti ya mwenye simu wa kwanza iondolewe mbele ya macho yangu, na simu iwashwe upya tangu mwanzo bila kudai neno la siri la mtu mwingine. Kufuli hizo zilianza kuwekwa katika simu za iPhone mwaka wa 2013 na katika simu za Android mwaka wa 2015, na zimewapunguzia wezi faida. Muuzaji akikuambia kuwa simu imefungwa lakini yuko fundi atakayeifungua, muage kwa adabu. Tukaandikiana karatasi yenye majina yetu, nambari za vitambulisho, IMEI, bei na tarehe. Nikalipa kwa M-Pesa. Bei haikuwa ya urafiki.

Wengine hudhani kulinganisha nambari ni kujisumbua. Mwishoni mwa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilipoamuru simu bandia zizimwe, simu zaidi ya milioni moja zilinyamaza, na wengi wa wenye simu hizo hawakuwa wamepata kuitazama nambari ile hata siku moja.

Kijana yule alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2018. Mwaka uliofuata alipata kibarua katika shamba la maua, na alipojiwekea fedha za kutosha alikuja kwangu akaniomba nimsindikize mjini kununua simu, yake ya kwanza. Duka la kwanza tulilolingia lilikuwa na simu aliyoipenda, bei yake nzuri, boksi lipo, risiti ipo. Muuzaji alikuwa mchangamfu. Kijana akabonyeza *#06#, akanipa boksi, akaniambia, "Soma, Mwalimu." Nikasoma polepole, naye akafuata kwa kidole. Zililingana nane za kwanza, kisha ya tisa na ya kumi. Ya kumi na moja kwenye boksi ilikuwa saba. Kwenye kioo ilikuwa nne. Boksi lilikuwa la simu nyingine ya aina ile ile.

Kijana akairudisha simu mezani taratibu, akamshukuru muuzaji, tukatoka kutafuta duka jingine.