Jumba Limeanguka, Picha Imebaki

Ndugu msomaji, ukiwa Gehandu, huko nyanda za juu za Mbulu na Hanang, huenda bahari unaisikia kwa masimulizi tu. Lakini Jumba la Maajabu la Unguja, Beit al-Ajaib, yawezekana umekwisha kuliona katika picha. Ndiyo kazi ya picha: humfikisha mtu mahali ambapo miguu yake haijakanyaga.

Jambo hilo lilidhihirika mapema kule India. Katika miaka ya 1850, tabibu Mskochi aitwaye John Murray, aliyekuwa akifanya kazi mjini Agra, alipiga picha za Taj Mahal, kaburi ambalo Shah Jahan alimjengea mkewe, Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631. Watu wasiopata kufika Agra wakaliona.

Unguja nako, mafundi wa asili ya Goa, kama vile A. C. Gomes na ndugu wa ukoo wa Coutinho, walifanya kazi hiyo kabla karne ya 19 haijakwisha. Kamera ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu. Fundi alijifunika kitambaa cheusi, na taswira ikanaswa kwenye kioo.

Jumba lenyewe lilijengwa mwaka 1883, zama za Sayyid Barghash. Hebu zilinganishe picha zake mbili. Katika ile ya kabla ya mwaka 1896, mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari. Katika ile ya baadaye mnara huo haupo. Mnara wa saa umeshikamana na uso wa jumba. Kati ya picha hizo mbili ipo asubuhi moja tu: tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipompiga kwa mizinga Sayyid Khalid bin Barghash, kwa muda usiotimia saa moja. Mpiga picha alikuwa akitafuta riziki yake. Kumbe alikuwa akiandika ushahidi.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya jumba hilo, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka, na watu wawili wakafariki. Fundi atakaye kulirudisha katika sura yake hana budi kuzitazama picha zile za kale.

Sasa turudi kwenu, msomaji. Wazee wa Kiiraqw walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima na kuziezeka kwa udongo, ili adui apite asizione. Hakuna sultani aliyelala humo, lakini humo ndimo walimozaliwa mababu. Iwapo kwa jirani ingalipo hata moja, ipigwe picha kabla mvua haijaimaliza. Na nyuma ya picha liandikwe jina la mwenye nyumba, kijiji na mwaka. Maana picha isiyo na jina, wajukuu wataitazama wasijue ni ya nani.