Haipo na Sijaiona

Kuna sentensi ambayo kisakinishi cha Windows XP huiandika kwa herufi nyeupe juu ya skrini ya bluu, na kwa niliyoyaona kwenye meza za mafundi, imewatoa watu fedha nyingi kuliko virusi. Inasema kwamba haikupata diski ngumu yoyote kwenye kompyuta yako. Halafu inakuomba ubonyeze F3 utoke.

Ukiisoma polepole, sentensi hiyo haidanganyi. Imesema haikupata. Haikusema haipo. Mtoto akitumwa kisu jikoni hurudi mikono mitupu na kusema, "Mama, hakipo," na mama humjibu bila kugeuka, "Sema hujakiona." Kisha huenda mwenyewe na kukichukua palepale mtoto aliposimama. Kiswahili kinatutenganishia mambo haya mawili vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba fundi mwenye haraka, na mteja mbele yake, hutafsiri ya kwanza kuwa ya pili.

Mwaka 2011, wakati wa ule mgao mkali wa umeme, mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo cha akina mama wa sokoni alinijia Morogoro na mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na kompyuta mpakato, bahasha ya kaki iliyofungwa kwa rababendi, boksi la Windows XP ambalo chama kilinunua zamani, na karatasi ya makadirio. Kwenye bahasha kulikuwa na diski ngumu ya mpakato huo. Fundi wa kwanza alikuwa ameitoa na kumkabidhi kama hospitali inavyokukabidhi nguo za marehemu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa imekufa. Wewe niangalizie tu kama kweli imekufa."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Chama kilitunza hesabu kwa programu ndogo aliyowaandikia kijana mmoja aliyekwisha kuhamia nje, na programu ile ilikubali XP tu. Kompyuta ya mezani iliyokuwa na XP iliungua umeme uliporudi kwa kishindo. Wakanunua mpakato uliotumika, wenye Windows Vista, na programu ikakataa. Kwa miezi sita mweka hazina akawa anaandika michango, marejesho na faini kwenye jedwali alilolichora mwenyewe, akisubiri mtu wa kumpigia XP. Mtu akapatikana. Akaweka CD, skrini ya bluu ikatokea, akatangaza kifo.

Lakini jambo lililonifanya nivute kiti ni lile lililofuata. Fundi yule alikuwa ameweka diski nyingine, mpya, kutoka dukani. Nayo haikuonekana. Hapo akahitimisha kwamba ubao mama nao umekufa, na ndiyo maana ya karatasi ya makadirio. Diski mbili zinakufa mchana mmoja mikononi mwa mtu mmoja, na hakuna anayeuliza! Lakini simshangai sana. CD ile ilikuwa imempigia kompyuta nyingi kabla ya hapo, na kitu kilichokutumikia vizuri muda mrefu ndicho cha mwisho kukishuku.

Nilikata rababendi, nikairudisha diski mahali pake, skrubu nne, nikabonyeza kitufe. Vista ikaamka. Picha ya wajukuu wake ikajaa kwenye kioo. Mama hakusema neno. Alivuta khanga akajifuta uso, kisha akaniambia kwamba kwa siku nne hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mwenyekiti, na kwamba usiku alikuwa ameanza kuhesabu mabati aliyonunua kwa ajili ya nyumba ya Kilosa, yatauzwa bei gani.

Kabla ya chochote kingine nilinakili jedwali lake na mafaili yake yote sehemu mbili. Ndipo nikaanza kumweleza, kwa sababu aliuliza, na swali lake lilikuwa zuri: kama diski ni nzima, kwa nini CD ilisema vile?

Windows XP ilitoka mwaka 2001. Diski za wakati huo ziliunganishwa kwa ule mkanda mpana wa nyaya, mtindo wa IDE, na XP ilikuja inaufahamu. Viunganishi vya SATA, vile vyembamba, vilianza kuingia kwenye kompyuta mwaka 2003, na mwaka uliofuata ukatolewa utaratibu mpya wa kuzungumza navyo, unaoitwa AHCI. Sasa, diski haizungumzi na mfumo endeshi moja kwa moja. Katikati yao kuna kidhibiti, chipu ndogo kwenye ubao mama, na ili mfumo umwelewe kidhibiti unahitaji programu inayojua lugha yake. Sisi mafundi tunaiita draiva.

"Dereva?" akauliza mama.

Nikamwambia ndiyo, neno ni lilelile. Gari lipo, barabara ipo, dereva hayupo.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mwanzoni kila kitu kinaonekana kwenda sawa. CD inawaka, mafaili yanapakiwa, majina yanapita chini ya skrini. Hiyo ni kwa sababu hatua zile za kwanza zinasimamiwa na BIOS, ambayo imeandikwa na walioutengeneza ubao wenyewe na inajua kila kilichomo. BIOS ni kama mwenyeji anayekupokea stendi na kukufikisha mlangoni. Ukishaingia ndani, yeye anaondoka, na kuanzia hapo unategemea unachokijua mwenyewe. XP ikiingia ndani inafungua orodha yake ya madereva, inatafuta anayemjua kidhibiti huyu, haimpati. Kwenye mashine nyingine inaandika ile sentensi. Kwenye nyingine inaanguka kabisa na kuonyesha namba 0x0000007B, ambayo maana yake ni kwamba kifaa cha kuwashia mfumo hakifikiki. Hakifikiki! Hata hapo haisemi kimekufa.

Waliotengeneza XP walijua vidhibiti vipya vitakuja. Ndiyo maana mwanzoni kabisa mwa usakinishaji, kwa sekunde chache, mstari hutokea chini ukikutaka ubonyeze F6 kama una draiva ya ziada. Ukibonyeza, baadaye itakuomba uiweke draiva hiyo kwenye flopi. Flopi tu. Si CD, si flashi. Mwaka 2011, mpakato wenye mdomo wa flopi ungeutafuta Morogoro nzima. Njia ya pili ni kuingia BIOS na kukiambia kidhibiti kijifanye IDE ya zamani, na mashine nyingi ziliruhusu hilo. Hii ya mama haikuruhusu. BIOS yake ilikuwa na tarehe, nywila na mpangilio wa kuwasha, basi.

Ikabaki njia ya tatu, ninayoipenda kuliko zote hata kama ni ndefu: kutengeneza CD nyingine ambayo tayari inamjua kidhibiti.

Kwanza unatafuta jina halisi la kidhibiti. Si jina la kwenye kibandiko, hayo ni ya wauzaji. Vista ilinipa jina la ndani, lile ambalo chipu yenyewe hujitajia inapoulizwa: PCI\VEN_8086&DEV_2829. Sehemu ya kwanza ni ukoo. 8086 ni Intel, ambao walijichukulia kama namba ya kampuni yao jina la chipu waliyoitoa mwaka 1978. Sehemu ya pili ni jina la mtoto mwenyewe, na 2829 ni kidhibiti cha mipakato kikiwa katika hali ya AHCI. Kuna ndugu yake aitwaye 2929, wanafanana sura, kizazi kimoja kati yao. Ukikosea baina ya hawa wawili CD itaungua bila kasoro, na bado itasema haijaona diski.

Draiva yenyewe ilikuwa faili moja dogo, iaStor.sys, na vikaratasi vyake viwili vitatu vya utambulisho. Nikanakili CD ya chama kwenye folda, nikaiongezea kifurushi cha tatu cha marekebisho cha mwaka 2008, kisha nikafungua nLite, programu ya bure ya Dino Nuhagic, ambayo kwa miaka ile iliwasaidia mafundi wa dunia nzima wasiojuana. Unaielekeza kwenye folda ya draiva, na inakuuliza jambo moja la msingi: draiva hii ni ya kawaida, au ni ya hatua ya maandishi? Hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Draiva ya kawaida husomwa baadaye, Windows ikishakaa kwenye diski, kama vile sauti au kamera. Ya hatua ya maandishi husomwa mwanzo kabisa, kabla diski haijaonekana. Ukiiweka draiva ya kidhibiti kundi la kwanza, umeuficha ufunguo wa stoo ndani ya stoo.

nLite ingeweza kumaliza kazi na mimi nikaenda kunywa chai. Lakini nina tabia ya kutaka kuona kilichoandikwa. Kwenye folda ya I386 kuna faili la maandishi la kawaida, TXTSETUP.SIF, unalifungua hata kwa programu ile ya kuandikia vijibarua. Ni daftari, kama la mjumbe wa nyumba kumi. Mahali pamoja limeorodhesha mafaili yaliyomo, mahali pengine limeandika nani anahudumiwa na nani. Nikashuka chini, mistari mamia, nikamkuta: 2829, mkabala na iaStor. Mstari mmoja. Mashine ilikuwa imehukumiwa kwa kukosa mstari mmoja kwenye daftari.

Mama alikuwa bado ameketi pale. Nilimwonyesha, na akausoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, kwa namna ile anayosoma namba za vitabu vya wanachama. Kisha akasema kitu ambacho mimi sikuwa nimekiona. Alisema kwenye chama chao mama mmoja muuza dagaa aliwahi kukataliwa mkopo kwa sababu jina lake halikuwemo kwenye leja mpya, ingawa alikuwa amechangia tangu mwanzo na wote walimfahamu kwa sura. Aliyekuwa akinakili majina aliruka mstari. Wakabishana kikao kizima, mpaka ilipoletwa leja ya zamani.

Umeme ulikatika CD ya kwanza ikiwa imechomeka nusu. Hiyo ilikwenda kuwa kitisho cha ndege kwenye mchicha wa jirani. Ya pili niliichoma usiku, mwendo wa pole kabisa, kwa sababu visomeo vya CD vya mipakato iliyotumika huwa vimechoka na havipendi CD iliyochomwa kwa pupa.

Asubuhi mama aliwahi kabla sijafungua. Tuliiweka wote. Kwanza ile bluu, majina yakipita chini, na katikati yake moja la Intel ambalo kwenye CD ya boksi halikuwepo. Kisha orodha. Zaidi ya MB 114,000, na mwisho wa mstari XP ikaandika imeifikia diski kupitia nani: iaStor. Watu wengi hawausomi ule mwisho. Mimi huusoma kila mara.

Programu ya chama ilikubali. Kuingiza miezi sita kutoka kwenye jedwali kulimchukua mama siku tano, kwa mkono, kwa sababu hakumruhusu mtu mwingine aguse. CD niliiandika kwa kalamu ya wino mzito namba ya kidhibiti, 2829, si jina la mpakato, na nikaiweka ndani ya boksi lao la XP. Karatasi ya makadirio ya ubao mama alibaki nayo. Sijui alimrudishia mwenyewe au la, na sikuuliza.

XP iliachwa rasmi Aprili 2014. Vista na zilizofuata zilikuja zinaijua AHCI, na kwa miaka kadhaa nilidhani habari hii imekwisha. Haikuisha. Kuanzia mwaka 2020 ilitoka mipakato yenye vichakataji vya Intel vya kizazi cha 11, ambayo diski zake mara nyingi hukaa nyuma ya kidhibiti kingine, VMD, ambacho kisakinishi cha Windows 10 hakina dereva wake. Unafika kwenye hatua ya kuchagua diski, orodha ni tupu. Nafuu ni kwamba siku hizi pana kitufe cha kupakia draiva, na kinakubali flashi.

Kijana mmoja niliyemfundisha kazi alinipigia simu karibuni, sauti imemshuka.

"Kaka, hii mashine ya mwalimu haina diski."

"Umeshamwambia?"

"Bado. Yuko njiani anakuja."

Nikamwambia asimwambie kitu kwanza. Aingie tovuti ya waliotengeneza mashine, apakue draiva ya kidhibiti, aifungue kwenye flashi, asiiweke ikiwa imefungwa. Nikarudi kwenye kazi zangu. Baada ya kama dakika arobaini akanitumia picha aliyoipiga kwenye kioo, imetetemeka kidogo: orodha ile, na ndani yake diski moja.