Bega na Mzigo Wake: Kumbukumbu za Fiziotherapia Korogwe na Handeni

Sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya mwandishi wa kumbukumbu hizi ilipita katika wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, akitoa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na kwa mikono, na hakuna kiungo kilichomshughulisha kuliko bega. Chuoni KCMC, Moshi, alilisoma bega kama orodha ya majina ya kukariri, lakini wagonjwa wa wilaya hizo walimfundisha kuanza na swali jingine, nalo ni kazi gani mwenye bega hilo anaifanya.

Bega limeundwa na mifupa mitatu, ambayo ni mtulinga ulio mbele chini ya shingo, kombe ambalo ni mfupa bapa wa mgongoni, na humerasi, mfupa wa juu wa mkono. Kichwa cha humerasi hukaa kwenye kishimo cha kombe mithili ya chungwa juu ya kisahani cha kahawa, hivyo kinachokizuia kisitoke si mfupa bali ni utando wa kiungo pamoja na misuli minne mifupi inayokikumbatia kwa kano zake, yaani nyuzi ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa.

Korogwe ni nchi ya mkonge, zao lililoletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na wagonjwa wengi waliotoka mashambani walikuwa wakataji au wapakiaji wa matita ya majani kwenye matela. Kwao aghalabu ilichakaa kano ya suprasipinato, msuli wa juu ya kombe, kwa sababu kano hiyo hupita katika upenyo mwembamba chini ya akromio, ambayo ni ncha ya kombe inayopapaswa juu ya bega. Mkono unapoinuliwa kwa upande, maumivu huanza kwenye nyuzi 60 hivi na kupungua baada ya nyuzi 120. Wenyewe walisema mshipa umekaza, wakakandwa kwa maji ya moto, jambo ambalo mwandishi hakulipinga kwa kuwa lilituliza, ingawa halikurudisha nguvu. Alilolitilia shaka zaidi ni agizo la kupumzika wiki sita, jepesi kuandikwa na zito kwa mtu anayelipwa kwa kadiri ya kazi aliyoimaliza.

Handeni, ambako ukame huwafanya watu wafuate maji mbali, ilimwonyesha jambo ambalo vitabu hulipitia kwa haraka, nalo ni kwamba mkono hauinuki bila kombe. Katika nyuzi 180 za kuinua mkono, takriban 60 hutokana na kombe kuzunguka juu ya mbavu, na msuli unaolibana lisichomoze ni serato, ulioko ubavuni. Serato huamrishwa na neva moja, iitwayo neva ndefu ya kifua, ambayo hutoka shingoni na kuteremka ubavuni bila kinga kubwa, kwa hiyo mzegazega wa maji au gogo la kuni likikaa begani kila siku huweza kuijeruhi. Mgonjwa wa namna hiyo hana maumivu makali. Hulalamika tu kuwa mkono umechoka, na akiambiwa asukume ukuta kwa viganja viwili, kombe lake huinuka mgongoni. Kipimo hicho hakigharimu chochote, na bado hurukwa mara nyingi, kwani mpimaji humtazama mgonjwa kwa mbele na shati likiwa mwilini.

Bodaboda zilipoongezeka, majeraha yalibadilika. Dereva akiangukia bega huku kichwa kikivutwa upande wa pili, huumia pleksasi ya brakia, mtandao wa neva unaotokana na mizizi minne ya chini ya shingo na mmoja wa kifua, ambao huupa mkono wote nguvu na hisia. Bega likiteguka tu, neva iliyo hatarini zaidi ni ya kwapa, na ndiyo sababu mwandishi aliwahimiza wanafunzi wapime ganzi ya ngozi ya nje ya bega kabla halijarudishwa, waandike walichokiona. Ndugu huuliza mkono utarudi lini. Neva iliyokatika nyuzi zake hukua kwa wastani wa milimita moja kwa siku, hivyo jibu hupatikana kwa kupima umbali kutoka jeraha hadi msuli unaongojewa; lakini mizizi ikiwa imeng'oka kwenye uti wa mgongo, hesabu hiyo haifai kitu, na mgonjwa hupaswa kufikishwa mapema hospitali ya rufaa, kwa maana msuli uliokaa muda mrefu bila neva husinyaa kiasi cha kutoweza tena kuipokea.