Cosford, mbele ya Junkers

Treni ya Birmingham kwenda Shrewsbury husimama Cosford, kituo kidogo cha mashambani. Ukishuka, kambi ya jeshi la anga la Uingereza iko hapo hapo, na makumbusho yake ni mwendo mfupi wa miguu. Kiingilio ni bure. Wenye magari ndio hulipia maegesho.

Nilikuja kuona ndege moja tu, Junkers Ju 88. Ipo katika jengo la ndege za vita, rangi yake ya kijivu yenye mabakamabaka, na herufi D5+EV ubavuni. Ukizoea kuiona pichani utashangaa ilivyo ndefu kutoka ardhini, na jinsi injini zake mbili zilivyosogezwa mbele, karibu sawa na chumba cha rubani. Puani zimechomoza antena za rada. Kwa ndege iliyobuniwa kutupa mabomu, hizo antena ni kichekesho, na ndizo zilizonileta.

Mwaka 1935 wizara ya anga ya Ujerumani ilitaka ndege ya mabomu yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa, kiasi kwamba ndege za kivita za adui zisiifikie. Kiwanda cha Junkers mjini Dessau kilikuwa kimejulikana kwa ndege zilizovikwa mabati yenye migongo, ya aina tunayoezekea nyumba. Hugo Junkers mwenyewe alikwisha kunyang'anywa kampuni yake na Wanazi, akafariki Februari mwaka huo huo. Chini ya Ernst Zindel, mhandisi mkuu, kazi ya kuchora ilifanywa na W. H. Evers na Alfred Gassner, waliokuwa wamefanya kazi Marekani, na safari hii gamba la ndege likawa laini kabisa. Iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1936. Machi 1939 ndege moja ya majaribio ilizunguka kilomita 1,000 ikiwa na mzigo wa tani 2, kwa wastani wa kilomita 517 kwa saa.

Kufikia hapo, mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Ernst Udet, aliyesimamia ufundi wa jeshi la anga, alipenda ndege inayoshuka kwa kichwa juu ya shabaha kama mwewe juu ya kifaranga, akataka na hii ndege kubwa ifanye vivyo hivyo. Mabawa yakaongezwa nguvu, breki za hewa zikafungwa chini yake, watu wakawa wanne badala ya watatu, bunduki zikaongezwa. Mabadiliko yanayotajwa ni 25,000. Aina ya A-4 ilipoingia vitani ilifikia tani 14 ikijazwa, na mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 470 tu kwa saa. Novemba 1940 ndege za Ju 88 zilikuwemo katika kundi lililoichoma Coventry, mji usio mbali na hapa.

Mzee mmoja anayejitolea kuwaongoza wageni aliniona nimeinama chini ya bawa. "Tazama mguu," akasema. Kila upande una mguu mmoja mnene, na gurudumu hujigeuza nyuzi 90 wakati wa kukunjwa ili lilale bapa ndani ya bawa, nyuma ya injini. Mguu wa namna hiyo huundwa kwa ajili ya mzigo mzito. Mimi naona uzito ule ule ulioiharibia mbio ndio ulioipa maisha marefu: mwili uliojengwa kustahimili kushuka kwa kichwa uliweza kubebeshwa mizinga, rada, kamera, topido, chochote. Zilitengenezwa takriban 15,000, za kila kazi.

Hii ya Cosford ni R-1, ya kuwinda usiku, yenye injini za BMW za mitungi 14. Tarehe 9 Mei 1943 ilitoka Kristiansand, Norwei, na watu wake watatu wakaipeleka kwa Waingereza, Dyce, karibu na Aberdeen, wakisindikizwa na Spitfire ambazo hazikufyatua risasi. Waingereza wakaipata rada yake, ya Lichtenstein, ikiwa nzima. Uchunguzi ukawahakikishia kwamba vipande vya karatasi yenye bati, vikimwagwa angani, vingeipumbaza. Julai mwaka huo vilimwagwa kwa mara ya kwanza, juu ya Hamburg.

Ndani ya jengo hilo hilo ipo de Havilland Mosquito, ndege ya mbao na gundi iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940. Nilitoka kwa moja nikaenda kwa nyingine, nikarudi. Mosquito ya mabomu haikufungwa bunduki hata moja. Watu wake wawili walitegemea mbio tu, yaani wazo la Dessau la 1935, ila hapa halikukubali kuongezewa chochote. Mosquito zilipoanza kwenda Berlin usiku, Ju 88 kama hii zilikuwa miongoni mwa zilizotumwa kuzifukuza, na mara nyingi zilirudi bila kuzifikia.