Usiache mbachao kwa iPhone ipitayo

Panda matatu yoyote jioni kutoka mjini Nakuru kuelekea Kiamunyi, nawe utasikia mabishano mawili. La kwanza ni la soka ya Uingereza, na hilo tumelizoea. La pili ni la simu. Kabla gari halijafika Olive Inn, vijana wa vyuo watakuwa wamegawanyika makundi mawili. Wenye iPhone hujiona wastaarabu, na wenzao wa Android huwajibu kwamba iPhone isiyo na bando ni kioo cha kujitazamia tu. Abiria wengine hucheka, kondakta naye huongeza chumvi.

Mimi nilikuwa nikisikiliza na kunyamaza, hadi mabishano hayo yalipoingia kwetu bila kubisha hodi. Mdogo wangu wa kiume, aliye mwaka wa pili chuoni, alimwambia mama waziwazi kwamba hawezi kurudi masomoni na Tecno yake. Alitaka iPhone, hata kama ni ya mitumba. Mama ni mjane. Hufuga ng'ombe nyuma ya nyumba na kuwauzia majirani maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyotusomesha sote. Siku hiyo hakusema kitu. Siku mbili baadaye aliniita kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hebu niambie mwanangu, simu hizi zina tofauti gani? Nikimuuza yule mtamba, pesa zitatosha?"

Swali lile lilinichoma moyo. Hata hivyo, mzazi akiuliza hivyo hastahili kejeli wala hasira. Anastahili jibu la haki.

Nilimweleza kwamba ndani ya kila simu ya kisasa mna mfumo unaoiendesha. Mfumo wa iPhone ni mali ya kampuni ya Apple ya Marekani, na hauwekwi katika simu ya kampuni nyingine. Simu hiyo ilizinduliwa na Steve Jobs mnamo Januari 2007. Android nayo ilianzishwa na kampuni ndogo ambayo Google iliinunua mwaka wa 2005, na simu ya kwanza yenye mfumo huo ikauzwa mwaka wa 2008. Tofauti kubwa ni kwamba Google huwaachia watengenezaji wengi waitumie: Samsung, Tecno, Infinix, Xiaomi na wengineo. Wakishindana wengi bei hushuka, na ndiyo sababu utapata Android ya bei ya mkulima na Android ya bei ya waziri. Apple hutengeneza peke yake na hupanga bei peke yake.

Hapa Kenya, wengi wetu tulionja simu ya kisasa mwaka wa 2011, wakati Safaricom ilipoleta Ideos ya kampuni ya Huawei kwa bei iliyokuwa chini ya Sh10,000. Mwaka wa 2020 ukaja mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo Safaricom na Google waliwawezesha watu kulipia simu kwa Sh20 kila siku. Mnamo Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu za bei nafuu kilifunguliwa Athi River. Hizo zote ni Android. Si ajabu basi kwamba takriban simu tisa kati ya kila kumi za kisasa humu nchini zinatumia mfumo huo, ilhali Marekani iPhone ndizo zaidi ya nusu.

Huko Marekani ugomvi wenyewe umefika mahakamani. Kwenye iPhone, ujumbe unaotumwa kwa iPhone nyingine huonekana kwa rangi ya samawati, na ule unaotumwa kwa Android kwa kijani. Vijana wenye kijani huchekwa na kuachwa nje ya makundi. Wizara ya Haki ilipoishtaki Apple mnamo Machi 2024, iliitaja hata aibu hiyo. Hapa kwetu sote tunakutana WhatsApp, ambako rangi hiyo haimtambulishi mtu. M-Pesa, ambayo ilianza mwaka ule ule wa 2007, haibagui hata kabambe. Sijamwona mama mboga aliyekataa pesa kwa sababu ya aina ya simu iliyozituma.

Hata hivyo, ni haki tumsikilize na kijana. "Dada, wewe hujui," aliniambia. "Tukimaliza kazi ya kikundi, wenzangu wanatumiana picha na video papo hapo kwa AirDrop, bila bando. Mimi nabaki nikisubiri nikumbukwe kama mtoto wa kambo." Aliongeza kwamba Tecno yake imekuwa nzito baada ya miaka miwili tu, na kwamba iPhone hudumu.

Hapo alikuwa na hoja. iPhone XR iliyotoka mwaka wa 2018 ilipokea mfumo mpya wa mwaka wa 2024. Android nyingi za bei ya chini husahauliwa na watengenezaji wake mapema mno. Ni kweli Samsung iliahidi miaka saba ya kuboresha Galaxy S24 ilipoitoa mwaka wa 2024, lakini simu hiyo nayo si ya mfuko wa mama yetu.

Lakini ziko hoja ambazo vijana hawazitaji. Tangu mwaka wa 2013, iPhone imekuwa na kufuli inayofungamana na akaunti ya mwenyewe. Kinga hiyo ni nzuri dhidi ya wezi, lakini kwa mnunuzi wa mitumba yaweza kuwa msiba. Kijana wa jirani yetu alinunua moja katika duka fulani mjini. Alipoifuta ili aanze upya, simu ikamdai nywila ya mtu asiyemjua. Muuzaji akaruka, na pesa zikawa zimekwenda. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, hakikisha mbele ya muuzaji kwamba akaunti ya zamani imeondolewa na simu imeanzishwa upya kwa jina lako. Anayenunua Android ya mkopo naye akumbuke kwamba asipolipa, simu hufungwa vilevile.

Jumamosi moja tuliketi watatu, mama, kijana na mimi. Sikumhubiria. Nilimpa karatasi na kalamu nikamwomba apige hesabu: mtamba akizaa atatoa lita ngapi kwa siku, na lita hizo ni karo ya mihula mingapi. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe alisema, "Basi mtamba abaki." Aliyasema bila kuinua macho, na wiki nzima hakuzungumza nami. Hadi leo anatumia Tecno ile ile, na anaweka akiba kutokana na vibarua vya likizo. Akifikisha kiasi anachotaka na anunue iPhone yake, hakuna atakayemlaumu.

Kimya kile cha wiki moja kilinifunza kwamba aibu ya kijana mbele ya wenzake si mchezo. Mzazi akiidharau, kijana ataitafutia dawa kwingine, na siku hizi dawa hiyo huwa mikopo ya simu, ambayo riba yake haina huruma. Kijana naye akumbuke kwamba fahari za simu hupita. Kuna wakati mwenye BlackBerry alitembea mabega juu. Mnamo Januari 2022 kampuni yenyewe ilizima huduma za mfumo wake wa zamani.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mzazi mwenzangu, mwana akikudai simu, mwoneshe pesa za nyumbani zinatoka wapi na zinakwenda wapi, kisha umwachie yeye apige hesabu. Nawe mwanafunzi, kabla ya kumwomba mama simu ya bei hiyo, muulize kwanza atauza nini.