Hesabu ya Kuhama



Siku utakapoweka kalamu chini baada ya mtihani wa mwisho mwezi Novemba, mbele yako kutakuwa na miezi isiyo na kengele. Matokeo kwa kawaida hutoka mwishoni mwa Januari, na wanaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti Julai. Katika miezi hiyo ndipo vijana wengi hupanda basi kwenda mji ambao hawajawahi kulala hata usiku mmoja. Baadhi yao hurudi kuendelea na masomo. Wengine hawarudi, na si kwamba walipanga kutorudi. Walikosa nauli, au waliona aibu kurudi mikono mitupu.

Kila mwaka huulizwa swali hilohilo: "Mwalimu, niende Dar?" Mimi mwenyewe nilizaliwa Sengerema, nikasoma chuo Dar es Salaam, nikapangiwa kituo cha kwanza cha kazi mkoani Njombe, na sasa nafundisha Dodoma. Kwa hiyo sina mdomo wa kumwambia mtu asihame. Ninachofanya ni kumpa kalamu na karatasi.

Tuanze na mshahara, maana ndio unaowavuta wengi. Tuseme umeahidiwa kazi ya dukani Kariakoo kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Ukiwa kijijini, 200,000 ni fedha nyingi. Sasa tafuta chumba. Cha shilingi 50,000 hutakipata karibu na Kariakoo, utakipata mbali, na kutoka huko utapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kwa shilingi 600 kila gari ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Chakula: chai na vitumbua asubuhi, wali maharage kwa mama lishe mchana, kitu kidogo usiku. Kwa shilingi 5,000 kwa siku, mwezi unakula 150,000. Jumlisha: 50,000 na 62,400 na 150,000 ni 262,400. Umepungukiwa 62,400, na bado hujanunua umeme, maji, sabuni, vocha wala dawa ya mafua.

Bei hizi nimezitoa kama mfano tu. Ukienda uliza za siku hiyo. Lakini angalia hesabu inavyosema. Chumba na chakula peke yake vimeumaliza mshahara wote. Nauli yote ni deni.

Je, haiwezekani basi? Inawezekana, na maelfu wanaishi hivyo. Unachangia chumba na mwenzako, nusu yako inakuwa 25,000. Unapika mwenyewe ugali na dagaa, chakula kinashuka hadi 80,000. Nauli haishuki. Jumla inakuwa 167,400 na unabakiwa na 32,600. Hiyo ndiyo fedha yako halisi. Mtu akikuuliza unalipwa kiasi gani, moyoni ujibu 32,600.

Kuna gharama nyingine ambayo vijana wengi huijua wakiwa wameshafika. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali aliyekuonesha chumba hutaka yake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kwa chumba cha 50,000 hiyo ni 300,000 na 50,000 juu yake, yaani 350,000 kabla hujapokea mshahara wa kwanza. Godoro na sufuria sijazitaja. Ni nani atakayezitoa? Kama jibu ni mjomba, basi jua kwamba unahamia kwa mjomba, na hiyo ni hesabu ya namna nyingine. Chumba cha ndugu hakina kodi lakini kina kazi: utaamka wa kwanza, utachota maji, utabaki na watoto siku ile uliyoitwa kwenye usaili. Sisemi ni vibaya. Nasema ukiandike kwenye karatasi pamoja na vingine.

Sasa hali ya hewa, ambayo karibu kila mtu huiacha nje ya hesabu. Kwenye Jiografia ulijifunza kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Dar es Salaam ipo ufukweni. Tofauti yake ni kama nyuzi 12, na mwezi wa Juni na Julai hizo nyuzi 12 ni blanketi la pili, koti zito, viatu vya kufunika, na mkaa wa kuchemshia maji ya kuoga. Mwaka wangu wa kwanza Njombe mkaa ulikula fedha kuliko mboga. Dar es Salaam mkaa huo huuhitaji, lakini Januari na Februari utatafuta feni, na feni inataka umeme, na bila chandarua huwezi kulala. Dodoma tatizo ni maji. Mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Mji unategemea sana visima vya Mzakwe, na bomba lisipotoa maji tunanunua kwa ndoo. Familia yenye mtoto mchanga inaijua gharama hiyo vizuri.

Lakini hali ya hewa hugusa zaidi kipato chenyewe. Anayelipwa kwa mwezi, mvua humlowesha tu. Anayelipwa kwa siku, mvua humpunguzia mshahara. Mbeba mizigo, kibarua wa ujenzi, kijana anayetembeza nguo mkononi: masika ya Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi Mei, yana siku ambazo mtu anatoka nyumbani na nauli na kurudi bila kitu. Mkoani Njombe kazi nyingi ni za chai, mbao, viazi na parachichi, nazo hufuata majira. Ukifika wakati wa kazi utasema hapa pana neema. Ukifika miezi miwili baadaye utasema hapa hakuna kitu. Kwa hiyo muulize mwenyeji kazi zinapatikana miezi ipi, kabla hujauliza zinalipa kiasi gani.

Na mahali pa kulala pia panapimwa kwa mvua. Chumba kikiwa cha bei ndogo mno na kipo karibu na mjini, angalia kama kipo bondeni. Desemba 2011 mafuriko yaliwakumba wakazi wa bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam. Watu walikufa na maelfu walipoteza makazi. Serikali ikawapa baadhi yao viwanja Mabwepande, mbali na mafuriko. Baadaye wapo waliorudi bondeni. Nimewahi kusikia watu wakiwacheka kwa hilo. Mimi siwacheki, maana nilipopiga ile hesabu ya nauli niliwaelewa: riziki yao ilikuwa mjini, na kutoka Mabwepande kwenda mjini kila siku kulimeza riziki yenyewe. Kama umesoma Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, unajua familia inayoishi kwa kuuza chakula inavyoweza kushindwa hata ada ya watoto. Sogeza familia hiyo mbali na wateja wake, uone kitakachobaki.

Hebu linganisha. Kijana mmoja niliyemfundisha alipata kazi kwenye kiwanda cha mbao Makambako kwa shilingi 120,000. Wenzake walimcheka. Chumba alilipa 20,000, kazini alikwenda kwa miguu, chakula kilimchukua kama 70,000. Alibakiwa na 30,000, yaani pungufu kwa 2,600 tu kuliko yule wetu wa Kariakoo, na alikuwa na saa mbili au tatu za mwanga kila jioni. Alizitumia kusoma ili arudie mtihani wa Hisabati.

Usinielewe vibaya, sisemi Makambako ni bora kuliko Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Mahali penye watu wengi hivyo, ukifukuzwa kazi Jumatatu unaweza kupata nyingine Alhamisi. Mji mdogo wenye kiwanda kimoja, kiwanda kikisimama mmesimama wote. Kwangu mimi wingi wa waajiri una uzito kuliko ongezeko la shilingi 20,000 kwenye mshahara. Ndiyo maana nashangaa vijana wanavyoiruka miji ya njia panda. Makambako ina barabara kuu ya kwenda Zambia, barabara ya Njombe na Songea, na stesheni ya TAZARA. Tunduma ipo mpakani. Kahama ina dhahabu na mpunga. Huko mizigo hushuka na kupanda kila siku, na kodi haijafika ya Kariakoo.

Kwenu wasichana nina neno la ziada. Wengi wenu mtafuatwa na mtu mwenye maneno mazuri: kazi ya ndani mjini, chakula na malazi bure, halafu utasomeshwa. Kwa hesabu ya karatasi kazi hii inaonekana nzuri kuliko zote, maana gharama ni kama sifuri. Kwa hiyo hesabu vingine. Utalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Siku ya mapumziko ni ipi? Mshahara utaingia kwenye simu yako au utashikwa na mama mwenye nyumba? "Utasomeshwa" ni kozi gani, chuo gani, kuanzia mwezi gani? Mzazi au mlezi wako azungumze na mwajiri mwenyewe, si na aliyetumwa, na ajue mtaa na nyumba. Na nauli ya kurudi uwe nayo wewe, mahali unapopajua wewe peke yako. Asiyetaka kujibu maswali haya amekwisha kukujibu.

Wavulana nanyi muwe na nauli ya kurudi. Haiguswi hata kwa njaa ya siku moja. Julai ikifika na jina lako limo kwenye orodha ya kidato cha tano au ya chuo, fedha hiyo ndiyo itakayokufikisha.

Mtihani ukiisha, kabla hujafunga begi, piga simu moja. Usimpigie anayekualika. Mpigie mtu mwingine anayelala mji huohuo na mwenye kazi kama unayoitaka, umuulize jana alikula nini na kwa shilingi ngapi, alipanda magari mangapi, na maji aliyooga aliyatoa wapi. Andika majibu yake, kisha jumlisha.